Vifurushi vyepesi: basi, posta au ndege? Mimi nilishaungua, soma kwanza

Dada aliyeuliza yuko Dar anauza hereni na shanga mtandaoni, mteja wake wa Songea kamwambia "usafiri wako ghali kuliko hereni zenyewe" na sasa anataka kujua atumie njia gani iwe nafuu. Ana na ndugu Muscat, Oman, anayemletea wateja. Nimecheka peke yangu hapa maana hayo maneno nimeshaambiwa na mimi, mwaka wangu wa kwanza, na mteja alikuwa sahihi kabisa.

Mimi nauza vitambaa vya kichwa, hereni za shanga na doti za kanga, mwaka wa sita huu, mzigo nauchukua Kariakoo. Wengi wamekujibu "tuma kwa basi" wakaishia hapo. Sawa, basi ni poa, ila basi halipimi mzigo kwa mzani, yule wa ofisini anaangalia kwa macho tu. Akiona bahasha anakutajia bei yake ya chini, na hiyo bei ya chini ni ile ile uwe umeweka hereni pea moja au pea ishirini. Mimi natajiwa elfu tano mara nyingi, siku nyingine elfu tatu nikimkuta ana furaha. Sasa hereni unauza elfu nane, halafu bado hujaweka boda ya kutoka kwako mpaka ofisi za mabasi Shekilango au stendi ya Magufuli Mbezi, na kule Songea naye mteja achukue boda kwenda stendi kuufuata. Ukijumlisha hizo boda mbili unakuta basi lenyewe halikuwa tatizo, zinazoumiza ni zile ncha mbili, ya kwako na ya mteja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni kuacha kukimbia stendi kila oda ikiingia. Natuma Jumanne na Ijumaa tu. Mteja akilipia Jumamosi namwambia mapema kabisa mzigo unatoka Jumanne, na nakwambia ukweli sijawahi kupoteza mteja kwa hilo, wanaokasirika ni wale unaowaambia "leo leo" halafu unaenda kesho kutwa. Boda moja inabeba vifurushi sita saba, gharama inagawanyika. Halafu mteja wa mkoani mshawishi aongeze kitu, mwambie usafiri ni ule ule hata ukichukua pea tatu, wengi wanaongeza au wanamvuta shoga yake wachange.

Cha pili nunua mzani wa jikoni, ule mdogo wa betri. Sikutanii. Hereni zangu pea moja na kadi yake ni gramu 15 hivi, kitambaa cha kichwa kama 90, doti ya kanga inacheza kwenye mia nne na kitu. Bila mzani unakisia, na ukikisia utajipunja mwenyewe. Mfano siku moja nimeenda posta na doti ya kanga nimeiweka kwenye kiboksi kizuri na utepe na kadi ya asante, mzani wa dirishani ukasoma 520. Nikamuuliza karani ngazi ya bei kwa uzito inakatia wapi, akasema 500. Yaani gramu ishirini zile, ambazo ni boksi na utepe, zilinipeleka ngazi ya juu nilipe kama nimebeba kilo. Nikatoka nje nikafungua pale pale kwenye benchi, nikatoa boksi, kanga nikaikunja ikaingia kwenye bahasha ya kaki, nikaizungushia nailoni ndani kwa ajili ya mvua, nikarudi ikasoma chini ya 500. Karani alinicheka lakini alinipimia tena. Kwa hiyo ukifika pale usiulize "bei gani kutuma Mwanza", uliza ngazi zinakatia gramu ngapi halafu fungasha ukizilenga hizo.

Kwa ndani ya nchi posta inalipa pale mteja anapokuwa wilayani ambako basi la moja kwa moja halifiki, au linafika saa nane usiku ambapo hawezi kutoka. Posta ipo karibu kila wilaya na mteja anapigiwa simu aje. Tuma kwa rejista hata kama ni hela kidogo zaidi, utapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa halafu TZ mwishoni, jumla herufi na tarakimu 13. Ya rejista inaanza na R, ya EMS, ile huduma ya haraka ya posta, inaanza na E. Hiyo namba mpigie picha umrushie mteja WhatsApp hapo hapo ukiwa bado dirishani, maswali ya "mzigo umefika wapi" yanapungua nusu. Ila EMS kwa kitu cha elfu nane haina maana, hiyo waachie wenye vyeti na nyaraka za haraka.

Turudi kwenye basi maana najua ndiko wengi mtaenda tu. Niliwahi kutuma pea kumi na mbili za hereni kwenda Iringa, kampuni siitaji, juu ya bahasha nimeandika "Mama Neema Iringa" na namba ya simu kwa peni ya kawaida. Mvua ikanyesha, namba ikafutika. Mzigo ukapita Iringa ukaenda mpaka Mbeya, pale ofisini Iringa wanasema haujashuka, Dar wanasema umeshuka, konda hapokei. Siku tisa! Risiti nikaigeuza nyuma nikakuta maandishi madogo kama mchanga kwamba mzigo usiotajwa thamani fidia yake ni kiduchu, hata nusu ya mali haifiki. Ulikuja kupatikana ila mteja alisharudishiwa hela yake na hereni nikabaki nazo mimi. Tangu siku hiyo naandika kwa maka pen nene, jina kamili, namba mbili za simu, mkoa kwa herufi kubwa, pande zote mbili za bahasha, halafu napitisha selotepu pana juu ya maandishi. Na napiga picha ya risiti, namba ya basi, na namuomba konda namba yake. Wengine wanakuona msumbufu, waache wakuone.

Sasa nje ya nchi, maana umesema una ndugu Muscat anakuletea wateja. Hapa ndipo watu wanapigwa. Kampuni za ndege za vifurushi kama DHL hazitazami kilo peke yake, zinatazama na ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimeta, gawanya kwa 5000, namba inayokuwa kubwa kati ya hiyo na kilo halisi ndiyo unalipia. Boksi la 30 kwa 20 kwa 15 ni 9000, gawanya unapata kilo 1.8, hata kama ndani umeweka vitambaa vitatu ambavyo havifiki gramu mia tatu. Vitambaa hivyo hivyo ukivilaza kwenye mfuko bapa wa 25 kwa 18 kwa 3 unapata 0.27. Mimi nililipia hewa ya boksi kwa miezi mitano bila kujua, nikadhani ndio bei ya ulaya na uarabuni.

Posta wao kwa vitu vyepesi wana kifurushi kidogo cha barua, mwisho kilo 2, na vipimo vyote vitatu ukijumlisha visizidi sentimeta 90, upande mmoja usizidi 60. Kinachekesha ni kwamba kuna na kipimo cha chini. Hereni pea moja nilishaiweka kwenye kibahasha kama cha kadi ya simu, karani akakataa, uso wa kifurushi usipungue sentimeta 9 kwa 14 kwa sababu fomu ya forodha na stempu vitakaa wapi? Hiyo fomu inaitwa CN22, unaandika kilichomo, uzito na thamani. Usiandike "zawadi" wakati umeuza, na usiandike "vitu vya urembo" tu, andika "hereni za shanga, pea 2" na iandike kwa Kiingereza maana anayeisoma ni mtu wa forodha wa huko. Manukato na vitu vya betri ya lithiamu usichomekee humo, vifurushi hivi vinapanda ndege, vitakuletea shida.

Anwani ya Oman omba P.O. Box na postikodi, mimi niliandika jina la mtaa na rangi ya geti kama ninavyoelekeza boda Sinza, mzigo ukalala huko wiki tatu, kosa langu hilo.

Wateja wa ulaya waambie kabla: tangu Julai 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zinatoza kodi ya VAT hata kwa kitu kidogo, ule msamaha wa vitu visivyozidi euro 22 ulishaondoka. Kuna dada yupo Ujerumani alinigombeza kana kwamba nimemtoza mimi. Na Marekani ule msamaha wa ushuru kwa mzigo usiozidi dola 800 ulifutwa tarehe 29 Agosti 2025, posta nyingi duniani zikasimamisha vifurushi vya huko kwa muda, kwa hiyo kabla hujapokea hela ya mtu wa huko nenda dirishani uulize wanapokea au hawapokei na ushuru analipa nani.

Huyo wa Songea sasa. Muulize leo yuko mjini au ndio yuko Mbinga huko ndani. Kama yuko mjini na stendi iko karibu naye, mwambie Ijumaa kwa basi, na umuongezee pea ya pili kwa bei ya kumvuta. Kama yuko ndani, bahasha ya kaki, rejista, na mpe bei ya usafiri baada ya kupima, sio kabla.