Mgeni keshakula, maswali anauliza nani?

SWALI: Salaam Mhariri. Sisi ni waandishi kama thelathini hivi hapa Mombasa, wengi wa redio na wengine makorespondenti wa kujitegemea, tuna klabu yetu ndogo tunakutana Tudor mara moja kwa mwezi. Tumeanza lanchi za kualika mgeni, aje tule naye kisha azungumze tumuulize. Ya kwanza imetuharibikia. Mgeni aliingia saa nane kasoro na watu wake kumi na wawili, wote wakajaa meza kuu, biriani ikaishia kwao, akaongea saa nzima, maswali yakawa mawili tu na yote ya kumsifu, halafu tunatoka msaidizi wake yuko mlangoni agawa "nauli". Wallahi nimeona haya. Klabu za wenzetu huendesha vipi haya mambo?
Mwanahabari wa redio, Kisauni

JIBU: Salaam na kwako ndugu yangu, na pole. Hiyo haya uliyoiona ishikilie hivyo hivyo, ndiyo itakayowasaidia kurekebisha.

Tuanze na wale wakongwe. National Press Club ya Washington ilianzishwa 1908, na lanchi zao zimepitiwa na marais na mawaziri wakuu wa nchi chungu nzima. Ukitazama inavyokwenda utaona kwamba chakula ni kisingizio tu cha kukaa pamoja. Watu wanakula kwanza, saa saba mchana mgeni anasimama, saa nane imefungwa, hakuna cha "mheshimiwa bado yuko njiani". Mezani kuna vikadi, unaandika swali lako wakati unakula au mgeni anapoongea, linapelekwa mbele na mwenyekiti wa klabu ndiye anayesoma. Mgeni hachagui nani aulize wala haoni maswali kabla. Akimaliza anapewa kikombe cha klabu cha kunywea chai, anashukuriwa, anakwenda zake. Kule Canberra, Australia, ni tofauti kidogo, waandishi wanasimama mmoja mmoja kwenye maiki wanamkabili mgeni uso kwa uso na nchi nzima inatazama kwenye TV.

Mimi nyinyi nawashauri kadi, na nitakwambia kwa nini. Kijana wa redio anayejua kwamba mshahara wake unatokana na matangazo ya ile ile ofisi ya mgeni, ukimpa maiki atauliza "mheshimiwa una mipango gani kwa vijana", si kwamba hana swali, analo, lakini ana mke na kodi ya nyumba. Mpe kadi na kalamu uone. Niliwahi kuongoza kikao kama hicho miaka iliyopita, nikaletewa kikadi kimekunjwa mara nne, pembeni kina doa la mafuta ya pilau, hakina jina, mstari mmoja: "Wavuvi waliohamishwa walilipwa tarehe ngapi, na nani alisaini?" Nikakisoma kama kilivyo. Mgeni akanywa maji, akamtazama msaidizi wake, akanywa tena maji, na ukumbi mzima kimya mpaka unasikia feni. Ile kimya ndiyo iliyokuwa habari ya kesho yake.

Sasa hatari ya kadi ni mwenyekiti. Akiwa mwoga au ana lake na mgeni, kadi kali zinaingia mfukoni. Kwa hiyo zipangwe na watu wawili, asipange peke yake, na zikishasomwa ziwekwe kwenye boksi ambalo mwanachama yeyote ana ruhusa kulifungua baadaye. Akijua zitaonekana ataogopa kuzificha.

Na usidhani haya ni mambo madogo ya waandishi kula wali. Oktoba 1974 Kakuei Tanaka, waziri mkuu wa Japani, alikwenda kula lanchi kwenye klabu ya waandishi wa kigeni Tokyo, wale waandishi wakambana na maswali kuhusu mali yake, jambo ambalo jarida moja la Japani lilishalichimbua lakini magazeti makubwa yalikuwa yakilikwepa. Baada ya lanchi ile magazeti hayakuwa na pa kujificha, na kufika Desemba Tanaka hakuwa tena waziri mkuu. Meza ya chakula hiyo.

Meza kuu ni yenu, si yake. Barua ya mwaliko iseme wazi: viti viwili vya wageni wake, dakika ishirini na tano za kuzungumza, yote yanaandikika, maswali hatumi mtu kabla. Wengine wote meza kuu wawe waandishi wanaofuatilia hiyo mada, kama ni bandari basi wa bandari. Na wanawake wakae mbele jamani, wasisukumwe nyuma. Washington kwenyewe wanawake hawakukubaliwa uanachama mpaka 1971, kabla ya hapo waandishi wa kike walipandishwa roshani wasikilize hotuba huku wenzao wakila chini, na kuuliza hawaruhusiwi. Tusilirudie hilo hapa kwetu.

Saa: wekeni baada ya adhuhuri, saa saba kasoro robo mnakula, saa saba na robo mgeni anaongea awe amefika au hajafika, yaani kama hajafika mwanachama mmoja afungue mjadala na yeye akija ataukuta unaendelea. Ijumaa msiweke. Chakula mchange wenyewe, pilau na kachumbari na juisi ya ukwaju yatosha, kila mtu alipie sahani yake na za wageni zilipwe na klabu. Ukila cha mgeni ulimi unakuwa mzito.

Ile "nauli" ni bahasha tu imebadilishwa jina. Maadili yetu chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 hayaruhusu zawadi ya kununua uamuzi wa mwandishi, na nyinyi mna haki ya kumwambia msaidizi arudishe begi lake garini kabla mlango haujafunguliwa. Mweke mtu hapo mlangoni, mtu mzima asiyeona aibu kusema.

SWALI: Na mgeni akisema katikati "hili msiliandike"?
Huyo huyo wa Kisauni

JIBU: Mwenyekiti amkatize pale pale, kwa adabu: "Mheshimiwa, hapa kila kitu kinaandikwa, kama ni siri tafadhali usitwambie." Asingoje amalize. Akishalisema mbele ya watu thelathini wenye kalamu limeshasemwa, liandikeni.