Munch wa Baltimore na Munch wa New York ni mtu mmoja

Salama mkuu. Umeuliza kama yule mpelelezi mwembamba mwenye miwani ya giza uliyemwona New York kwenye tamthilia ya polisi ya Marekani, Law & Order: SVU, ndiye yuleyule aliyepita kwa sekunde chache kwenye tamthilia nyingine, The Wire, au ni mwigizaji tu amerudi kwa jina jingine. Ni yuleyule: John Munch, na kote anaigizwa na Richard Belzer, mchekeshaji wa jukwaani aliyefariki 2023.

Ukikwama hivi, angalia kwanza mwaka na mji. Munch alianzia Baltimore kwenye Homicide: Life on the Street, 1993. Ilipoisha 1999, SVU ilianza mwaka huohuo, naye akahamia New York. Kile kipande chake cha The Wire ni cha 2008, msimu wa tano, sehemu ya saba. Itazame tena taratibu: yupo baa, anabishana na mhudumu kuhusu bili na kujitetea kwamba naye aliwahi kuendesha baa. Hiyo si mistari ya kujazia. Kwenye Homicide, Munch na wenzake wawili walinunua baa, na Homicide na The Wire zote zina mkono wa mwandishi David Simon.

Alipita hata kwenye The X-Files na vichekesho vya Arrested Development, akiwa Munch vilevile. Mimi napenda sana ile ya X-Files ya 1997, inayomrudisha Baltimore ya 1989. Anza na hiyo, halafu Homicide kuanzia msimu wa kwanza.