Nyimbo za zamani zinaniliza, ni uzee?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina miaka 47, niko Jinja nauza spea za pikipiki. Juzi redio ikapiga wimbo wa Philly Lutaaya, yule mwimbaji wa Uganda, nikajikuta nimeshika plagi mkononi machozi yananitoka na kastoma amesimama ananitazama tu. Ndio uzee umefika ama?

JIBU: Marahaba, lakini 47 uzee gani bana! Iko hivi, mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ndio yanashika akilini kuliko mengine, wataalamu wa kumbukumbu wameliona hilo kwa watu wengi, kwa hivyo redio ikilia husikii gitaa peke yake, unasikia na sufuria za mama na ule mlango wa mabati wa nyumbani. Halafu Lutaaya mwenyewe alifariki Desemba 1989 akiwa na 38 tu, yaani wewe umeshampita miaka 9, na hiyo hesabu hata mimi ilinikalisha chini siku moja. Ukichoka kulia weka bendi ya Afrigo, walianza 1975 na Moses Matovu wao amepita miaka 70 akiwa bado anapuliza saksafoni. Na huyo kastoma, plagi yake alipata kweli?