Likizo ya Juni imefika, na twisheni nayo

Nimechagua maswali 7 ya wazazi kuhusu watoto na likizo. Mnaouliza nguo za kipaimara zinashonwa wapi, muoneni mzee wa kanisa.

Shikamoo Mama. Mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mwalimu wake ameanzisha twisheni ya likizo, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Majirani wote wameshalipa. Nisipompeleka si ataachwa nyuma? (Mama, Kibaha)

Marahaba. Ataachwa nyuma na nani, na hao wenzake wanakimbilia wapi? Serikali imekataza masomo ya likizo zaidi ya mara moja. Ni sisi wazazi tunaochangishana kimyakimya ili yaendelee, halafu Jumapili tunasimama kutoa ushuhuda kwamba wana ni urithi wa Bwana.

Hebu tuhesabu. Zaburi ya 90 inaomba hivyo hivyo: "utujulishe kuzihesabu siku zetu". Shule ya msingi tuliyosoma sisi ilikuwa miaka 7, mfumo mpya umeishusha kuwa 6. Mwanao Juni moja imeshakwenda, ya pili ndiyo hii. Zitabaki 4, kisha anaingia sekondari, na huko ukimwita mchambue mchele atakwambia ana diskasheni.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja mahali pa kufundishia: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Binti yangu alipokuwa na miaka 5 tulikaa uani tukichambua maharage. Yeye vijiwe anavitia kwenye sufuria, maharage anawarushia kuku. Nilipomrekebisha akaniuliza: kama mawe kayaumba Mungu, mbona tunayatupa? Nilibaki na ungo mapajani. Sasa ana watoto wake na jibu sijampa.

Kama ni hesabu zinazokunyima usingizi, nenda naye dukani, mpe elfu mbili mkononi, alipe yeye na chenji ahesabu yeye. Ada ya twisheni nunulia maharage.

Ni katuni zipi za Kikristo zinafaa kwa mtoto wa miaka 3? (Baba, Dodoma)

Kila Juni na kila Desemba swali hili hili. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni heri. Halikuweka nyongeza kwa ajili ya safina ya Nuhu. Msimulie wewe, na sauti za wanyama uzitoe wewe.

Tunataka kuwapeleka watoto, miaka 6 na 4, kwa bibi yao Marangu mwezi mzima. Mume wangu anaogopa watafundishwa mila. (Mama, Dar es Salaam)

Kula mtori na kuwaamkia wakubwa nayo ni mila, waacheni wafundishwe. Hofu yangu iko kwingine. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa kutwa wakidhani mtoto yumo katika msafara, kati ya jamaa na wenzao. Walimwona baada ya siku 3, naye alikuwa na miaka 12, si 4. Kwa hiyo msiwatume na kondakta wa basi, wapelekeni wenyewe. Laleni pale siku mbili tatu. Ulizeni watalala chumba gani, na nani, na nani atamwogesha mdogo. Msione haya kuuliza eti ni nyumbani. Wanaowaumiza watoto, mara nyingi si wageni.

Nafanya kazi mgodini Geita, nina likizo ya siku 5 tu. Nataka kuwafidia wanangu kwa hoteli ya ufukweni. Ni laki 6. Unasemaje? (Baba wa wawili)

Mtoto mdogo hajui hoteli, anajua mabega yako. Hana, mama yake Samweli, alimwacha mwanawe alelewe hekaluni, akawa anamwona mara moja kwa mwaka, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomfanyizia. Hebu fikiri: ilimbidi akisie mtoto amekua kiasi gani. Wewe unajua namba ya kiatu cha mwanao? Kama hujui, anza hapo. Mshike mkono mwende sokoni kwa miguu, avue kandambili, umpime mwenyewe. Sala ya jioni siku zote 5 ongoza wewe, maana Waefeso 6:4 imewataja akina baba. Simu ilale kabatini.

Niko Minneapolis. Kiangazi shule zimefungwa, na makanisa yana shule ya Biblia ya likizo, wiki moja moja, bure. Nimemwandikisha kwenye manne. Ni dhambi? (Mama)

Si dhambi, unafanya kazi na kulelewa mtoto huko ni ghali. Ila atamezwa na samaki wa Yona mara 4. Jua la Juni huko linazama karibu saa 3 usiku. Ukitoka kazini saa 11 jioni, bado mna saa 4 za mwanga. Hizo usizikabidhi kwa kanisa la tano. Na Baba Yetu aisali kwa Kiswahili.

Mtoto wa miaka 4 anasinzia kwenye sala ya jioni. Nimchape? (Morogoro)

Hapana. Fupisha sala. Gethsemane walisinzia watu wazima wenye ndevu.

Mama, nakiri: shule zikifunguliwa nafurahi. Nina watoto 3 chini ya miaka 8. Mimi ni mama mbaya? (Iringa)

Umechoka, mwanangu. Hata Yesu aliuacha mkutano akaenda mahali pasipokuwa na watu. Jumamosi watoto wakae na baba yao toka asubuhi, wewe lala. Akisema hajui kuwaogesha, maji yako kwenye ndoo, watoto watamwonyesha.