Jiwe la milia nililouziwa Birere, kweli limetoka Nyiragongo?

SWALI: Yaya, salamu toka Majengo, hapa Goma. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuzia kule Birere kipande cha jiwe, kimekatwa bapa kama chapati ndogo, milia ya bluu kali na nyeupe inazunguka mpaka katikati, na hapo katikati kuna vichembe vinang'aa kama sukari. Dola 10. Alisema ni akiki ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na ukitaka kulipuka jiwe linapata moto masaa mbele, kwa hiyo tulale nalo chini ya mto. Mama yangu tangu 2021 halali vizuri, ndo maana nilimnunulia. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na mama juu hapo ndo panauma. Hilo jiwe halitamwambia kitu. Jiwe lolote likikaa chini ya mto linapata joto la kichwa cha mtu, ataligusa saa nane usiku aamshe nyumba nzima bure, na mbaya zaidi ni siku litabaki baridi halafu mseme tuko salama. Ile jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka, wengi tuliona anga imekuwa nyekundu ndo tukatoka mbio na watoto mgongoni, hata wataalamu na mashine zao hawakuwa wamepata dalili ya wazi. Mwambie mama taratibu, habari ya mlima tunasikiliza kwa redio za OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, na begi ya vitambulisho na dawa ikae karibu na mlango.

Sasa jiwe lenyewe. Akiki nyingi ni watoto wa volkano kweli, hapo kijana hakukosea. Toka nje uangalie jiwe jeusi la ukuta wa parseli yenu, unaona vile vitundu? Ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ikiganda. Kuna mahali duniani maji yenye silika (kitu kilekile kinachotengeneza mchanga mweupe na kioo) yaliingia kwa vitundu kama hivyo, yakaacha utando mwembamba kwenye kuta, kisha mwingine juu yake, na mwingine tena, kwa muda mrefu mno, mpaka tundu likajaa. Kila mlia ni utando wake. Chuma ndo kinaleta wekundu na kahawia, na nafasi ikibaki katikati fuwele ndogo za kwatzi zinaota humo, ndo hiyo sukari yako.

Lakini lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ndo sababu inakimbia karibu kama maji, na hii tunayojengea, ya 1977, ya 2002, bado ni changa kabisa, vitundu viko vitupu. Sahani za bluu kama yako nyingi zinatoka Brazil, jimbo la Rio Grande do Sul, kwenye lava ya miaka karibu milioni 130, na zikitoka ardhini mara nyingi ni kijivu tu! Bluu kali hivyo ni ya kutiwa. Mafundi wa Idar-Oberstein kule Ujerumani waliikuza sana hiyo kazi karne ya 19. Wakitaka nyeusi wanaloweka jiwe kwenye maji ya sukari siku nyingi halafu kwenye asidi ya sulfuriki, sukari inaungulia ndani ya jiwe. Mlia mmoja unakunywa rangi, wa jirani unakataa, ndo uzuri wake.

Kujua kama ni akiki na si kioo, kwaruza chupa tupu na ukingo wake, itaacha alama, na ncha ya kisu haitalikata. Liinue dirishani, akiki inapitisha mwanga pale ilipo nyembamba. Ukiona vipovu vya duara ndani ni kioo. Halafu chovya pamba kwa dawa ya kutolea verni ya kucha usugue. Bluu ikishika pamba, au ikijikusanya kwenye nyufa, umepata jibu.

Imani kuhusu akiki ni za zamani sana na mie nazipenda. Theophrastus, Mgiriki, aliandika kwamba jina lake linatokana na mto Achates wa Sicily. Pliny wa Roma alitaja watu walioitumia dhidi ya sumu ya nge, na Waajemi waliochoma jiwe hilo ili moshi utulize dhoruba. Waislamu wengi mpaka leo wanavaa pete ya akiki ya Yemen kwa baraka, na shanga za akiki nyekundu za Khambhat, India, zilifika pwani yetu ya Waswahili na majahazi.

Dola 10 nadhani alikupunja, ila jiwe ni zuri, msilitupe. Liwekeni dirishani mama alione asubuhi, ila si kwa jua kali kutwa, bluu ya kutiwa inaweza kupauka.