Gitaa Jipya, Namba ya Zamani

Epiphone yangu niliinunua Kariakoo mwezi wa Machi 2023. Ilikuwa kwenye boksi, na ile nailoni nyembamba ya kiwandani bado imebandikwa kwenye plastiki ya kuzuia mikwaruzo. Usiku, nikiwa nyumbani, nikaligeuza gitaa na kusoma namba ya mfululizo nyuma ya kichwa chake. Ilianza na 2106. (Fundi wangu huiita "namba ya siri", ingawa yeyote mwenye simu anaweza kuisoma.) Kwa Epiphone za miaka hii tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi. Juni 2021! Usingizi ukaruka. Nikajiona nimeuziwa mtumba kwa bei ya kitu kipya.

Asubuhi nikawa mteja wa kwanza dukani, uso umenikunjamana. "Bosi wangu, hili gitaa limetumika." Hakubisha. Akaingia nyuma, akarudi na boksi nililoliacha jana yake kwa sababu lilikataa kuingia kwenye bajaji, akaweka kidole kwenye stika ya ubavuni. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ulizaliwa siku uliyoanza shule?"

Nilirudi nyumbani kimya. Tangu hapo wanafunzi wangu watatu wameniuliza kwa nini gitaa jipya huwa na namba ya zamani, ndiyo maana naliandika hapa.

Namba huhesabu siku za kiwandani, haijui lolote kuhusu duka. Tena mara nyingi huwekwa mapema, gitaa likiwa bado halijakamilika. Kampuni ya magitaa ya Martin, ya Nazareth, Pennsylvania, huigonga kwenye kipande cha mbao ndani ya mwili, pale shingo inapoungana nao. Taylor wameipanga namba yao ionyeshe mwaka, mwezi na siku kazi ya gitaa hilo ilipoanza. Gibson nyingi za kati ya 1977 na 2005 zina tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, na zile tatu za katikati ni siku ya mwaka. Ukikuta 90458512, hiyo ni siku ya 45 ya 1998, yaani Februari 14. Baada ya siku hiyo bado kuna kupakwa rangi, kungoja rangi ikauke, kufungwa vifaa na kukaguliwa.

Halafu ndipo safari ianze. Epiphone nyingi hutengenezwa Qingdao, China. Gitaa hungoja ghalani mpaka oda itimie, hupanda meli, hushuka bandarini, hungoja ushuru, hulala kwa muuzaji wa jumla, mwisho hutundikwa ukutani dukani. Na dukani ndiko linakokaa zaidi. Gitaa la bei ya kati hapa kwetu halitoki kama sukari. Wengi wanaingia, wanalipapasa, wanaondoka na filimbi ya mtoto. Mwaka mmoja au miwili kati ya namba na risiti hainishtui tena.

Wakati mwingine hata sheria huchelewesha mzigo. Kuanzia Januari 2, 2017, miti yote ya jamii ya Dalbergia iliingia kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na magitaa yenye mbao hizo yakahitaji vibali ili yauzwe nje ya nchi. Mpingo wetu wa Lindi na Kilwa nao umo katika jamii hiyo. Ilipofika Novemba 2019 ndipo vyombo vya muziki vilivyokamilika vikapewa nafuu kwa mbao nyingi za jamii hiyo.

Kwa hiyo ukiwa dukani usigombane na namba. Uliza gitaa lilikaa wapi. Mimi huanza na vidole: napitisha kiganja taratibu ubavuni mwa shingo, juu hadi chini. Ncha za freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zikikukwaruza kama meno ya msumeno, mbao imekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki na urefu wake. Kisha natazama kwa upande daraja, kile kipande kilichogundishwa mwilini ambacho nyuzi hufungwa. Kipande cha karatasi kikipenya chini yake, limeanza kubanduka, na hapo naaga. Nyuzi zenye kutu si hoja, zinabadilishwa. Shingo iliyopinda kidogo nayo hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilicho ndani yake, kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua. Lililotundikwa dirishani likipigwa na jua la mchana, silitaki hata kama limetoka kiwandani mwezi jana.

Dalili za gitaa lililotumika ziko kwingine: freti zenye vishimo chini ya nyuzi nyembamba, mikwaruzo ya kipiki (kile kidude cha kupigia nyuzi), alama ya kifungo cha mkanda mgongoni. Namba iliyokwanguliwa au stika iliyong'olewa, ondoka bila kuaga. Na kwa wanaowinda magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 na 1960, namba pekee haitoshi hata kukisia mwaka kwa uhakika: vibati vyenye namba havikufungwa kwa mpangilio, fundi alichukua kilichomjia mkononi.

Jambo moja la faida. Waranti kwa kawaida huhesabiwa tangu siku uliyonunua, kwa hiyo risiti yenye tarehe na namba ya gitaa ina thamani kuliko unavyodhani. Muuzaji aiandike namba yote mbele yako, nawe uipige picha. Na umri wa gitaa ni silaha ya kupatana bei. Mtajie mwaka kwa upole, mpe muda afikirie. Mimi nilishalipa, nilikuwa nimechelewa, lakini yule bwana wa Kariakoo alinifungia seti mpya ya nyuzi bure. Zile za kwanza zilikuwa zimeanza kushika kutu.