Kwa Anayeanza Kuandika Historia ya Timu ya Wanawake ya Chuo: Mafunzo Kutoka Softiboli ya UCLA

Wanaoingia katika kazi ya kuandika historia ya timu za vyuo hupenda kuanza na orodha ya mataji, kwa sababu orodha ipo tayari, imechapwa vizuri, na inampa mwandishi miaka ya kupangia sura zake. Kwa timu ya wanaume, njia hiyo huweza kukufikisha mbali kabla hujakwama. Kwa timu ya wanawake utakwama mapema, kwa kuwa mara nyingi orodha hiyo ilianza kuandikwa miaka mingi baada ya wanawake wenyewe kuanza kucheza, tena na chombo ambacho mwanzoni hakikuwashughulikia kabisa. Kwa hiyo, kabla hujaandika kwamba timu ilitwaa taji mara ngapi, uliza kwanza ni nani aliyekuwa akihesabu.

Nitatumia mfano mmoja, timu ya softiboli ya wanawake ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaani UCLA, ambayo nimeitumia mara nyingi kuwafundishia wanaoanza. Softiboli ni mchezo wa gongo unaofanana na besiboli: mrushaji humrushia mpira mpigaji, mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji, na anayepiga hukimbia kuzunguka vituo ili kupata bao. Ukiuliza timu hii ina mataji mangapi ya taifa, utapata majibu matatu, na kila jibu lina msingi wake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, kinatambua 12, la kwanza likiwa la 1982. Ukijumlisha na taji la 1978, ambalo halikutolewa na NCAA, yanakuwa 13. Ukiongeza lile la 1995, lililopatikana uwanjani kisha likafutwa mezani, yanafika 14. Mwandishi mgeni huchagua namba moja na kuziacha nyingine ili asimchanganye msomaji. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya timu hii imejificha katika tofauti ya namba hizo tatu.

Taji la 1978 lilitolewa na AIAW, chama kilichoundwa mwaka 1971 kusimamia michezo ya wanafunzi wa kike wakati NCAA ikishughulika na wanaume peke yao. Hata kabla ya chama hicho, michuano ya taifa ya softiboli ya vyuo ilikuwa ikichezwa mjini Omaha, Nebraska, tangu 1969, na chuo kidogo cha jimbo hilo hilo, John F. Kennedy College, kilitwaa taji miaka mitatu ya kwanza mfululizo. Kisha ikaja sheria inayojulikana kwa jina la Title IX, iliyotiwa saini Juni 1972, ambayo ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na ikavilazimu vyuo kuitazama upya bajeti ya michezo. Michezo ya wanawake ilipoanza kupata fedha na heshima, NCAA nayo ikaanzisha mashindano yake ya wanawake katika mwaka wa masomo wa 1981/82. Matokeo yake, mwaka 1982 softiboli ya vyuo ilikuwa na mabingwa wawili wa ngazi ya juu: UCLA walitwaa taji la NCAA huko Omaha, na Texas A&M wakatwaa lile la AIAW, ambalo lilikuwa la mwisho, kwa sababu chama hicho kilisitisha shughuli zake mwaka huo huo. Asiyeifahamu habari hii akikuta mabingwa wawili katika mwaka mmoja hudhani ni kosa la uchapaji, naye hufuta mmoja wao.

Tazameni pia hasara ya kuanza simulizi 1982. Sharron Backus aliichukua timu ya UCLA mwaka 1975, kwa hiyo taji la kwanza la NCAA lilimkuta akiwa na misimu kadhaa ya kazi nyuma yake. Sue Enquist, ambaye vitabu vya kumbukumbu humtaja zaidi kama kocha, alikuwa mchezaji wa timu iliyotwaa taji la 1978. Akaja kuwa kocha mkuu pamoja na Backus kuanzia 1989, kisha akaongoza peke yake hadi 2006. Simulizi inayoanzia 1982 itamwonyesha Enquist akitoa maelekezo kando ya uwanja bila kueleza alijifunzia wapi.

Suala la 1995 linahitaji uangalifu mkubwa kuliko mengine, kwa sababu ndilo watu wanalolikoroga zaidi. Mwaka huo UCLA waliifunga Arizona katika fainali, na mmoja wa nyota wao alikuwa Tanya Harding, mrushaji kutoka Australia aliyejiunga na timu msimu ukiwa umeshaanza na kuondoka muda mfupi baada ya ubingwa. Ujio wake ulizua maneno mengi. Baadaye NCAA ililifuta taji hilo, na tangu hapo waandishi wengi wameunganisha mambo hayo mawili, kana kwamba taji lilifutwa kwa sababu yake. Kilichofutisha taji ni kwamba chuo kilikuwa kimetoa ufadhili wa masomo kwa wanasoftiboli kupita kiwango kilichoruhusiwa. Hili lilikuwa kosa la uongozi katika kugawa fedha, na kumbebesha mchezaji mmoja lawama hiyo ni kumdhulumu. Angalieni vilevile kwamba taji halikuhamishiwa Arizona. Nafasi ya bingwa wa mwaka huo imebaki tupu katika hesabu rasmi, ingawa mchezo ulichezwa, mabao yalipatikana, na wasichana waliokuwa uwanjani wanakumbuka kila pigo. Wajibu wako ni kuandika yote mawili, yaani kilichotokea uwanjani na kilichoamuliwa baadaye, kila kimoja kwa tarehe yake.

Sasa nizungumzie karatasi ya kurekodia mchezo, kwa maana aliyekulia kwenye netiboli ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, akiiona kwa mara ya kwanza huikimbia. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba ya nafasi yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi 9, upande wa kulia wa nje. Ukikuta 6-4-3, maana yake mpira ulitoka kwa mlinzi wa katikati ya kituo cha pili na cha tatu, ukaenda kwa mlinzi wa kituo cha pili, ukamalizikia kituo cha kwanza, na kwa kawaida wapinzani wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Herufi K ni mpigaji aliyekosa mara tatu. K iliyogeuzwa ni yule aliyesimama akiutazama mpira wa mwisho ukipita bila kuzungusha gongo. Jifunzeni kuisoma, kwa kuwa inaonyesha yale ambayo muhtasari wa gazeti huyaacha. Katika nusu fainali ya 2019 dhidi ya Washington, mrushaji wa UCLA, Rachel Garcia, alirusha awamu zote 10 (katika kila awamu kila timu hupata zamu yake ya kupiga), mipira 179, bila timu yake wala wapinzani kupata bao lolote, kisha katika awamu hiyo ya 10 akashika gongo mwenyewe na kupiga mpira uliovuka uzio na kuleta mabao matatu. Mchezo wa kawaida una awamu 7. Anayeisoma karatasi safu kwa safu anaona mkono uliochoka ulivyofanya kazi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Lakini msilinganishe namba za Garcia na za Debbie Doom, mrushaji wa mataji ya 1982, 1984 na 1985, kama vile walicheza mchezo mmoja. Enzi za Doom mrushaji alisimama futi 40 kutoka kwa mpigaji. Mwaka 1988 umbali huo katika vyuo uliongezwa hadi futi 43 ili wapigaji wapate nafasi. Mpira wa manjano unaoonekana vizuri zaidi ulianza kutumika vyuoni 1993. Fainali ambayo bingwa ni anayeshinda mechi mbili kati ya tatu ilianza 2005. Weka ubao wa mabadiliko ya kanuni mezani kwako kabla ya kuandika sentensi yoyote yenye neno “bora zaidi”.

Mkienda kuzungumza na wachezaji wa miaka ya 1970, ambao sasa ni watu wa rika la bibi zenu, msiwaulize walijisikiaje. Waulizeni nani alifua jezi, nani aliendesha gari la safari, chakula kililipiwa na nani, na uwanja ulipatikana saa ngapi na baada ya timu gani kumaliza. Uwanja wao wenyewe, Easton Stadium, ulifunguliwa 1994, wakati tayari walikuwa na mataji saba ya NCAA. Kisha nendeni kwenye matoleo ya gazeti la wanafunzi, Daily Bruin, mlinganishe tarehe na yale mliyosimuliwa.

Liko jambo moja ambalo waandishi wa timu za wanaume hawakumbani nalo sana: majina. Kelly Inouye, mdakaji wa timu za ubingwa za 1989, 1990 na 1992, ndiye Kelly Inouye-Perez aliyeichukua timu baada ya Enquist na kutwaa mataji ya 2010 na 2019 akiwa kocha. Sheila Cornell wa UCLA ya 1982 na 1984 hutajwa kama Sheila Douty katika kumbukumbu nyingine za timu ya taifa iliyopata dhahabu ya Olimpiki. Usipolijua hili, utamfanya mtu mmoja kuwa wawili, au mchezaji atapotea mwaka alioolewa. Andaa faharasa yako kwa majina yote mawili tangu siku ya kwanza, na umwulize mhusika mwenyewe ni lipi angependa litumike katika sura inayohusu miaka aliyocheza.